Risala ya Tulionusurika na Kiharusi Wilayani Hai kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya, mgeni wetu rasmi,
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Waheshimiwa madiwani na watendaji,
Viongozi wetu wa dini,
Wataalamu wa afya na ndugu zetu mnaotuuguza,



Tunaosoma risala hii mbele yako ni watu tuliopatwa na kiharusi, tukiwa pamoja na wake, waume, watoto na wajukuu wanaotuuguza. Wengi wetu tumevuka mwaka tangu tuanguke. Wapo waliovuka miaka kumi. Tunawashukuru wote waliowahi kutuletea mchele, sukari na mablanketi, lakini leo hatukuja kuomba vitu hivyo. Tumekuja kudai mazoezi. Tunataka mazoezi ya saa nyingi, ya kila siku, kwa majuma mfululizo, mbele ya mtaalamu anayejua kazi yake, na tunataka apewe hata yule aliyepooza miaka mitano iliyopita na ambaye kila mtu ameshamkatia tamaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Hai ina haki ya kuzungumzia ugonjwa huu. Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, watafiti wakiongozwa na Profesa Richard Walker kutoka Uingereza, wakishirikiana na wataalamu wetu wa Tanzania, walifuatilia kila mtu aliyepatwa na kiharusi katika eneo la wilaya hii lenye watu 159,814, na katika sehemu ya Dar es Salaam yenye watu 56,517. Walipata wagonjwa wapya 636. Kati yao 453 walikuwa wa hapa Hai. Waliporekebisha hesabu kwa tofauti za umri wa watu wa sehemu hizi mbili, kila mwaka hapa kwetu walipatikana 108.6 katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 315.9. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, na tangu hapo hakuna anayeweza kudai kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Ulaya na wa wenye shibe. Hao 453 walikuwa wazazi wetu, majirani zetu, watu tuliosali nao kanisa moja na kuswali nao msikiti mmoja. Tulihesabiwa kwa uangalifu mkubwa. Huduma ya kumrudisha mtu kwenye shughuli zake haikutufikia kwa uangalifu wa namna hiyo.

Tueleze yanayotupata. Mtu anaamka asubuhi, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa upande mmoja havimsikii. Ndugu wanamfunga kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, au wanamkodia gari kama wana uwezo, wanamteremsha mlimani hadi hospitali. Akijaliwa kupona, baada ya siku kadhaa anaruhusiwa. Anapewa dawa za presha, tarehe ya kurudi kliniki, na mke wake anaonyeshwa namna ya kumnyoosha vidole na kumkunja goti. Somo hilo ni la dakika chache, mlangoni, huku gari linasubiri. Kuanzia hapo mgonjwa ni wa mama huyo.

Anayepata miadi ya mazoezi anakuta chumba kimoja na mtaalamu mmoja, na mtaalamu huyo ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kijana aliyevunjika mguu kwa bodaboda na mzee wa mgongo, wote kwenye foleni moja. Hatumlaumu. Anafanya anachoweza, kisha anamwita anayefuata. Sisi tunarudi nyumbani tukiwa tumetumia siku nzima na nauli ya watu wawili, kwa sababu mtu aliyepooza hasafiri peke yake. Msimu wa masika njia za Machame na Masama zikiwa utelezi, hata hiyo nauli haisaidii kitu, bodaboda hapandi. Miadi inakosekana, ya pili nayo inakosekana, na kwenye faili inaandikwa kwamba mgonjwa ameacha mazoezi kwa hiari yake.

Halafu huja neno linalotuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Baada ya miezi sita, au mwaka, mtu anaambiwa kwamba hapo alipofika ndipo mwisho wake, mkono usiofunguka hautafunguka tena, ashukuru Mungu yu hai. Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, aliambiwa hivyo na wahudumu watatu kwa nyakati tofauti. Mashine yake aliiuza. Sasa anakaa barazani, mkono umekakamaa kifuani, na kucha zinamchoma kiganja kwa sababu ngumi haifunguki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Neno hilo si la kweli, na ushahidi upo. Tumesaidiwa na vijana wetu wanaosomea afya kuutafuta na kutusomea, nasi tumeuliza maswali mpaka tumeelewa.

Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi. Ila sehemu zilizo jirani nayo, na wakati mwingine za upande wa pili, zinaweza kujifunza kazi ya ile iliyokufa, na zinajifunza kwa kurudia tendo moja lenye maana mara mamia. Kushika kikombe, kukiachia, kukishika tena. Mtafiti wa Marekani, Edward Taub, alionyesha kwamba mkono dhaifu ukiachwa bila kazi, ubongo unazoea kuishi bila mkono huo, hata pale ambapo nguvu kidogo bado imebaki ndani yake. Dawa aliyopendekeza ni kuufunika mkono mzima kwa glavu nene na kuulazimisha ule dhaifu ufanye kazi. Njia hiyo ilipimwa nchini Marekani kwa watu 222 waliokuwa wametimiza kati ya miezi mitatu na tisa tangu wapate kiharusi. Walivaa glavu karibu muda wote wa kuwa macho kwa majuma mawili, na siku za kazi wakafanya mazoezi hadi saa sita kwa siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006: mikono yao ilifanya kazi vizuri kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida, na faida hiyo ilikuwapo bado mwaka mmoja baadaye.

London, katika mtaa wa Queen Square, ipo huduma chini ya Profesa Nick Ward inayowapokea watu wenye mkono uliopooza kwa majuma matatu, jumla ya saa 90 za mazoezi. Mwaka 2019 walitoa taarifa ya watu 224 waliopita hapo. Nusu yao walikuwa wamemaliza mwaka mmoja na nusu au zaidi tangu waugue, yaani ni watu ambao huku kwetu wangekuwa wameshaambiwa basi. Walitoka wakiwa na mikono inayoweza zaidi, na miezi sita baada ya kuondoka bado walikuwa wameshikilia walichokipata.

Waliopoteza maneno nao wana ushahidi wao. Nchini Ujerumani, mwaka 2017, watafiti walichapisha utafiti wa watu waliokuwa na shida ya kuzungumza kwa miezi sita au zaidi baada ya kiharusi. Walipewa tiba ya usemi ya saa zisizopungua kumi kwa juma, kwa majuma matatu au zaidi. Mazungumzo yao ya kila siku yaliboreka, ilhali wale waliokuwa wakisubiri zamu yao walibaki walipokuwa.

Sasa tulinganishe na tunachopata. Mwaka 2009 watafiti walikaa kwenye vyumba vya mazoezi huko Marekani na Kanada wakahesabu mgonjwa anarudia tendo la mkono mara ngapi katika kipindi kimoja. Wastani ulikuwa mara 32. Wanyama waliofanyiwa utafiti maabara, ambao ubongo wao ulionekana kubadilika, walirudia mara mia nne na zaidi kwa siku. Ikiwa huko kwenye vyumba vyenye vifaa vyote ni mara 32, Mheshimiwa Waziri, sisi tunaoonana na mtaalamu kwa dakika chache na kusubiri majuma kadhaa ndipo tumwone tena, tunapata ngapi? Anayepewa robo ya kidonge cha presha hashangai presha isiposhuka. Nasi tumepewa robo ya kidonge kwa miaka, kisha tukaambiwa mwili wetu umekataa dawa.

Uingereza waliliona hilo. Mwongozo wao wa kitaifa wa mwaka 2023 uliachana na kiwango cha zamani cha dakika 45, ukaagiza mgonjwa wa kiharusi anayehitaji mazoezi apewe angalau saa tatu kwa siku, siku tano za juma.

Tunajua pia kwamba wingi una wakati wake. Utafiti mkubwa uliohusisha wagonjwa 2,104 katika nchi tano, uliotangazwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa kumwinua mtu kitandani mara nyingi na kwa nguvu ndani ya saa 24 za kwanza kunaweza kumdhuru. Hatuombi hilo. Tunawaombea waliovuka hatari, waliobaki na ulemavu, na ambao hakuna anayewatazama tena.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tunalijua jibu tutakalopewa, kwa sababu tumelisikia mara nyingi: familia zifundishwe, mazoezi yafanyike nyumbani. Jibu hili tunataka kulijibu kwa kirefu, maana wanaobeba mzigo wake wako hapa uwanjani.

India walilijaribu kwa nia njema. Wagonjwa 1,250 katika vituo 14 walishirikishwa, nusu yao ndugu zao wakafunzwa kuendesha mazoezi nyumbani baada ya mgonjwa kutoka hospitali. Mwaka 2017 matokeo yalitoka: baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti kati ya waliofanyishwa mazoezi na ndugu na wale waliopata huduma ya kawaida tu. Ndugu wale hawakukosa upendo. Walikosa ujuzi unaochukua miaka kuupata, na walikosa muda.

Huku kwetu anayeuguza ni mke au binti. Huyo huyo ndiye anayekata majani ya ng'ombe, anayechota maji, anayekwenda gulioni kuuza ndizi ili dawa zipatikane. Jioni akimaliza ndipo amgeuze mume wake mwenye kilo nyingi kuliko yeye, ambadilishe nguo, amlishe polepole asije akapaliwa. Wapo wake zetu ambao sasa wana migongo mibovu. Yupo binti aliyeacha shule kidato cha tatu baba yake alipoanguka, na hakurudi. Na kwa kutofundishwa, mapenzi yenyewe yanatudhuru: jirani akija kusaidia kumwinua mgonjwa humvuta kwa mkono ule uliolegea, bega linateguka taratibu, na maumivu ya bega hilo yanamnyima mtu usingizi kwa miaka. Wengi wetu hapa tuna bega la namna hiyo.

Wanaokwenda kwa waganga wa jadi na kwenye maombezi husemwa vibaya. Tunaomba wasemwe kwa haki. Wengi hapa mtaani bado wanaamini kiharusi ni mkono wa mtu au pepo mbaya, hilo tunalijua na tunajitahidi kuelimishana. Lakini kuna sababu nyingine. Kule mgonjwa anapokewa, anakaa siku nyingi, anakandwa, anaongeleshwa, anaulizwa leo unaendeleaje. Anapewa saa ambazo hospitali haikumpa.

Aliyepoteza maneno ndiye mpweke kuliko wote. Tuna mwalimu mstaafu katika kundi letu. Anaelewa kila kinachosemwa, na mpaka sasa anasikia risala hii neno kwa neno. Kuwataja wanawe kwa majina hawezi. Kanisani, kwaya ikianza wimbo anaoujua tangu utoto, anaimba beti zote bila kukwama, kisha wimbo ukiisha anarudi kwenye ukimya. Watu humdhania amechanganyikiwa. Alifundisha nusu ya watu wa kata hii kusoma, na tangu augue hajawahi kukutana na mtaalamu wa tiba ya usemi hata mara moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya kueleza hayo, tunadai yafuatayo.

La kwanza, ambalo ndilo kubwa, ni kuanzishwa kwa awamu za utengamao wa kina kwa watu walioishi na athari za kiharusi kwa muda mrefu. Majuma matatu mfululizo, saa zisizopungua tatu kila siku ya kazi, mkono, mguu, usemi na shughuli za nyumbani, pamoja na mahali pa kulala kwa anayetoka mbali na msindikizaji wake. Lisiwepo sharti la kusema kwamba mtu akivuka miezi sita hapokelewi. Kigezo kiwe kama kuna kitu anachoweza kukipata, na wataalamu wanajua namna ya kupima hilo. Tunapendekeza zianze katika hospitali ya KCMC hapo Moshi, kisha Muhimbili, Bugando na Mbeya. KCMC tunaitaja kwa sababu pale pana shule ya fiziotherapia, pana mafunzo ya tiba kwa vitendo, na pana chuo cha TATCOT kinachofundisha kutengeneza viungo bandia na vifaa tegemezi tangu miaka ya 1980. Walimu wapo, wanafunzi wanaohitaji kujifunza wapo, na sisi wagonjwa tupo umbali wa daladala moja.

Wala tusitishwe na gharama ya mashine. Glavu nene, vikombe, maharage ya kuokota moja moja, vifungo vya shati, kamba, ngazi ya mbao na meza: hivyo vinatosha kuanzia. Kitu cha gharama katika tiba hii ni saa za mtaalamu. Na tunawafahamu vijana waliohitimu fiziotherapia ambao sasa wanaendesha bodaboda au wanauza vocha kwa kukosa ajira. Waajiriwe. Kila hospitali ya wilaya iwe na zaidi ya mmoja, ili mmoja akienda likizo mlango usifungwe, na tiba ya usemi kwa Kiswahili ifundishwe na kuajiriwa kwa haraka, maana hapo ndipo tulipo nyuma kabisa.

La pili ni bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Tunataka awamu hizo za utengamao ziandikwe waziwazi ndani ya kitita cha msingi, pamoja na kiti mwendo, fimbo ya kutembelea, na kile kifaa cha plastiki kinachoshikilia kifundo ili mguu usiburuze ncha. Kifaa hicho peke yake kinamtofautisha mtu anayekwenda chooni mwenyewe na mtu anayesubiri kubebwa. Familia isiuze ng'ombe ili baba atembee.

La tatu linahusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Tunaupongeza. Tunaomba mafunzo yao yawe na somo la kiharusi: kumwinua mgonjwa bila kumtegua bega, kumlisha bila kumpalia, kutambua sonona kwa mgonjwa na kwa anayemuuguza, kufuatilia mazoezi aliyopangiwa na mtaalamu baada ya awamu yake kwisha. Hapo familia itakuwa na msaada wa kweli, na mtaalamu atabaki kuwa mtaalamu.

La nne, dawa za presha zisikosekane kwenye zahanati zetu. Kiharusi cha pili kinafuta kazi yote ya mazoezi, na wenzetu tumewazika kwa kidonge ambacho hakikuwepo dirishani.

La tano ni la kazi, na tunajua linagusa wizara nyingine, ila tunakuomba ulifikishe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36, nusu kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Aliyepooza upande mmoja hajamaliza hata kujifunza kuvaa shati siku hizo zinapokwisha. Tunataka utaratibu wa kurudi kazini kidogokidogo, kwa saa chache na kazi inayowezekana, kabla mtu hajaachishwa. Na kwa sisi wakulima na mafundi ambao hatuna mwajiri, halmashauri itutambue bila usumbufu katika ile asilimia mbili ya mikopo ya watu wenye ulemavu. Mlemavu wa kiharusi mara nyingi huulizwa cheti na kuambiwa kwamba yeye ni mgonjwa tu.

Hayo hatuyadai kama hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 26 inaitaka nchi iandae na kupanua huduma za utengamao. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mei 2023, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya afya ya nchi wanachama, nasi ni mwanachama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba majibu ya risala hii kwa maandishi kabla ya hotuba ya bajeti ya Wizara yako kusomwa bungeni Dodoma, yakionyesha lipi limekubaliwa, litaanza lini, na limetengewa kiasi gani katika mwaka wa fedha unaoanza Julai. Lisilowezekana, tuelezwe sababu. Nakala tumemkabidhi Mganga Mkuu wa Wilaya na mbunge wetu, na tumeteua wenzetu watatu, mmoja wao anayeuguza, watakaofuatilia.

Tunaomba kuwasilisha.